Gunia Chini ya Shuka

Juzi mlinicheka, nikawasikia. Mlikuwa ghalani mnafanya mazoezi ya kilio, mimi nikatoka kwangu na fimbo yangu, magoti yakilia kuliko ninyi, nikafika mlangoni, nikachungulia, nikageuka nikarudi. Mmoja wenu akasema, "Bibi Zuhura anadhani ni msiba wa kweli." Mkacheka wote. Na asubuhi ile ile mlikuwa mmenipa taarifa kama desturi inavyotaka, tena mlinipa mara mbili, kwa sababu mnadhani sisikii vizuri. Nasikia vizuri sana. Kaeni basi niwaambie kwa nini nakuja, na katikati nitachomeka mambo mengine ya kazi, maana mimi nikianza kuongea sijui kunyoosha njia.

Kwanza mjue kwamba sikuwahi kuwa mwigizaji. Niliingia kwenye kikundi hiki kwa mlango wa cherehani. Baba yangu alitoka Kondoa akafungua duka la vitambaa Karatu mjini, nami nikajifunza kushona pale barazani. Siku moja akaja Mwalimu Paskali, yule aliyekianzisha kikundi, akitaka kanzu ya padri, joho la hakimu na sare ya askari, vyote vitoke kwenye jora moja la kitambaa cha pazia. Nikamshonea. Siku ya onyesho nikaenda kuona nguo zangu zinavyovaliwa, na hakimu akasahau maneno. Mimi nilikuwa nimewasikia wakiyarudia dukani wakati wa kujipima, nikamtajia kutoka nyuma ya turubai. Walipomaliza, Mwalimu akanitazama, akasema, "Wewe mama, cherehani mwachie mwingine. Wewe kaa hapo hapo nyuma ya turubai."

Nikakaa. Nilianza kuwa mkumbushaji, nikawa msimamizi wa mazoezi, na Mwalimu alipofariki kikundi chote kikaangukia mikononi mwangu. Nilihama mjini nikajenga hapa Ganako, karibu na ghala hili la zamani la ushirika, ili mvua ikinyesha nisiwe na kisingizio. Watu wa mjini walisema Zuhura amekwenda kuishi na mahindi.

Mwalimu hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vizuri alinyamaza, ukiharibu alinyamaza zaidi. Lakini alijua kazi. Maneno ya mchezo alitufundisha kuyakariri tukipukuchua mahindi. Ukiweza kusema sehemu yako yote huku vidole vinaendelea na gunzi bila kusimama, hapo hata mbwa akipita jukwaani hutasahau. Ninyi mnasoma kwenye simu. Sina ugomvi na simu, ila nimeona chaji ikiisha na mwigizaji naye akazimika.

Mengine tulijifunza kwa kukosea. Uwanja wa mnada, usishindane na mbuzi. Mbuzi akilia katikati ya maneno yako, nyamaza umsubiri amalize, kisha endelea kama vile mlikubaliana. Na jua la mchana liwe usoni mwa mwigizaji, si usoni mwa watu. Mtazamaji anayepigwa jua anakunja uso, nawe utadhani amechukia mchezo, utaanza kuharakisha. Tuliwahi kuharakisha mchezo mzima namna hiyo pale mjini, tukamaliza kabla mgeni rasmi hajafika, ikabidi turudie mwanzo mpaka mwisho.

Kosa la Olbalbal halikuwa la kuchekesha. Tulikwenda kule Umasaini wakati wa kiangazi kikali, wenyeji wakitembeza ng'ombe mbali kutafuta maji, na bado walikuja kututazama, wazee wamekaa mbele na fimbo zao. Mchezo ulikuwa na marehemu, na marehemu tulikuwa tumempa jina. Mwigizaji wetu akaliita kwa sauti, akaliita tena, jinsi tunavyoita sisi kwenye msiba. Wazee wakasimama. Hawakugomba wala kutukana, walijifunga mashuka yao wakaondoka, na uwanja wote ukawafuata. Kijana aliyekuwa akitutafsiria kwa Kimaa akatuambia taratibu, "Kwetu aliyekufa haitwi." Na kwa bahati mbaya jina tulilochagua lilikuwa la mzee wao waliyempoteza karibuni. Tangu siku hiyo marehemu wa michezo yetu hana jina. Anaitwa Baba, au Mama, basi. Mkiona kwenye maandishi yetu ya zamani watu wote wana majina isipokuwa maiti, ndiyo sababu.

Na gunia nalo lina sababu yake.

Miaka ya mwanzo tulifanya mazoezi ya kifo kama mnavyofanya mengine yote. Mtu analala, tunamfunika shuka, wengine wanalia. Siku hiyo tulikuwa hapa hapa, mlango wa ghala umefungwa kwa sababu ya upepo. Wanawake wetu wawili walikuwa na sauti nzuri za kilio, na hapa kwetu kilio si wimbo, kilio ni taarifa. Ukikisikia unaacha jembe. Basi tulipofungua mlango tulikuta nje wanaume wamesimama na majembe na sururu, akina mama wamebeba unga na kuni vichwani, na bibi mmoja amekaa chini tayari analia, kwa sababu mpwa wake alikuwa mwigizaji wetu na hakumwona kati ya wazima. Mpwa mwenyewe alikuwa chini ya shuka. Akanyanyuka. Bibi yule akaanguka akazimia, na alipozinduka hakutaka hata kumgusa.

Wazee wa kijiji wakatuwekea kikao. Walisema kumlilia mtu mzima ni uchuro, na kuita majirani kwa msiba usiokuwepo ni kuwafundisha wasije siku utakapokuwepo. Hayo ya pili tuliyasikia tu, hatukuyatia maanani, tuliona ni maneno ya kuongezea uzito. Tulitoa kondoo, mpwa akafanyiwa tambiko la kumwondolea uchuro, mambo yakaisha. Mwalimu akatunga sheria mbili. Ya kwanza, kwenye mazoezi hakuna mwenye pumzi anayelala chini ya shuka; tunalaza gunia la mahindi, na mwigizaji mwenyewe atalala siku ya onyesho tu. Ya pili, kabla ya mazoezi ya kilio mtu apite nyumba kwa nyumba aseme, "Leo tutalia, msije."

Mwalimu akaigeuza ile sheria ya kwanza kuwa somo. "Kama huwezi kulilia gunia," alisema, "binadamu ndiye utamweza?"

Sasa nafika kwa Mzee Bura. Ninyi hamkumkuta, mnamjua mwanawe tu. Mzee Bura alicheza sehemu za baba tangu akiwa kijana, kwa kuwa alizaliwa na uso wa mtu mzima. Shamba lake lilikuwa hapo ng'ambo ya korongo, nyumba yake ukisimama mlangoni kwangu unaiona, na ukisema kwa nguvu atakusikia. Kwenye mazoezi, sehemu yake ya kufa ikifika, alikuwa anainuka, anapisha gunia, anakwenda kukaa pembeni na kikombe chake cha chai, akiwakosoa waliaji. "Wewe binti unamlilia baba au unamfukuza ndege shambani?" Tulicheka sana na mzee yule.

Mwanawe Daudi alikulia kwenye kikundi. Akawa dereva wa watalii, lakini msimu wa masika, wageni wanapopungua na barabara za kule bondeni zinapogeuka tope, alirudi kuigiza. Kijana mwenye sauti na mwenye subira. Kisha mama yake akafariki.

Mama alifariki wakati Daudi yuko porini na wageni, siku kadhaa ndani, huku simu haishiki. Habari ilipompata, tajiri wake alimwambia hakuna dereva mwingine wa karibu, awafikishe wageni kambini kwanza. Akawafikisha. Alipofika nyumbani alikuta kaburi limeshafukiwa na mvua imeshalipiga. Nilikuwepo. Alisimama pale na sare yake ya kazi, miwani ya jua kichwani, akasema, "Mngenisubiri hata siku moja." Baba yake akamjibu mbele za watu, "Maiti haisubiri watalii."

Basi. Majirani zangu Wairaqw waniwie radhi, nimeishi nao na nawapenda, lakini ubishi wao ukishakaa ndani haufukuzwi na maji ya moto. Tangu siku ile wawili wale walibaki na salamu. "Shikamoo." "Marahaba." Kwisha. Daudi alipanga chumba mjini. Akipita kwa baba yake aliacha sukari na dawa mlangoni kwa jirani. Na mahali pekee walipozungumza maneno marefu palikuwa hapa ghalani, maneno ya michezo, mmoja akiwa hakimu na mwingine mshtakiwa, au mmoja mchungaji na mwingine mlevi. Nilikuwa nawapanga pamoja makusudi. Nilidhani maneno ya kukopa yatawazoeza, siku moja watatoa ya kwao.

Mnajua sisi hatununui mchezo, tunautunga kwa kukaa duara, kila mtu analeta kisa. Masika ile, na sasa ni miaka michache tu, tulikuwa tunatunga mchezo wa ndugu wanaogombea shamba baada ya baba yao kufa, tuuonyeshe siku ya mnada mvua zitakapokatika. Mzee Bura, ambaye kwa kawaida alileta visa vya kuchekesha, akasema safari hii ana kipande kimoja. Mtoto mkubwa awe mbali. Afike amechelewa. Akute baba amefunikwa, hajazikwa bado, watu wamemsubiri. Apige magoti aseme, "Baba, nimekuja. Nimechelewa, lakini nimekuja."

 Wote tulimwelewa, na Daudi alimwelewa kuliko sote, maana alikaa ameinamisha uso akichora chini kwa kijiti. Nikauliza nani atacheza mtoto mkubwa. Daudi akainua mkono bila kuinua uso.

Mazoezi yalikuwa mabaya. Mvua ilipiga bati mpaka nikawa naelekeza kwa mikono. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukaingia hadi ndani, nguo za jukwaani zikaota ukungu wake mwingine. Na Mzee Bura alianza kukohoa kikohozi kinachotoka mbali. Hospitali walimpa dawa, wakampa na ushauri wa kupumzika, akachukua dawa akaacha ushauri. Alikonda. Joho lake nililipunguza mara mbili kwa mkono wangu, na mara ya pili nilipochukua vipimo sikumwambia vimetoka vingapi.

Daudi naye hakuweza kulia. Maneno aliyajua, miguu aliijua, lakini akishapiga magoti mbele ya gunia sauti ilimkwama. Nikamtania, "Unalia kama honi ya gari bovu." Nikamfundisha niliyofundishwa: kilio hakitoki kooni, kinatoka tumboni, shusha pumzi mpaka chini, kumbuka kitu ulichokipoteza, kisha usikisukume, kiachie kije chenyewe. Akaniambia, "Mama, mimi sijawahi kulia. Wenzangu walilia pamoja, mimi nilipofika walikuwa wameshamaliza."

Nikamwambia basi ajizoeze nyumbani, na wengine pia wajizoeze nyumbani, asubuhi kabla ya kazi, sauti ikiwa mpya. Na kwa kuwa nimewaruhusu walie nyumbani, taarifa ya majirani nikaitoa mwenyewe, nikaitanua. Nilipita huku na ng'ambo ya korongo, Daudi akiniendesha kwa sababu ya tope, nikasema kila mlango, "Jamani, wiki yote hii mtasikia vilio, ghalani na hata majumbani kwa waigizaji. Ni mazoezi. Msihangaike, endeleeni na palizi yenu." Watu wakashukuru. Palizi ilikuwa imewabana.

Siku ya mazoezi ya mwisho tulivaa nguo zote. Nguo za jukwaani ziwahini mapema, msisubiri siku ya onyesho. Nimeona mwigizaji akimaliza maneno yake yote huku anapigana na kifungo. Tulifika kwenye kifo. Wavulana wakaenda kuburuta gunia, na Mzee Bura akasema, "Liacheni."

Nikamwambia, "Mzee, sheria unaijua."

"Naijua kabla yako, Bi Zuhura. Lakini mimi na wewe tunajua mnada sitaufika."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Siku ya onyesho nani atalala pale? Gunia. Basi acha leo nilale mimi. Nataka nimsikie nikiwa chini." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite, akasogea karibu yangu asisikiwe na wengine. "Yule mama yake nilimzika kwa hasira. Daudi angeweza kusubiriwa. Nilitaka aje akute tumemaliza, aone uchungu wa kuchelewa. Sasa na mimi sijui pa kuanzia."

"Anzia hapo hapo ulipoanza na mimi," nikamwambia. "Mwambie hivyo hivyo."

"Siwezi," akasema. "Mimi nimezoea kuandikiwa maneno."

Nikamruhusu. Alilala na viatu vyake vya mvua, akakataa kuvivua kwa sababu ya baridi, na shuka halikufika miguuni. Tukaanza. Wanawake wakalia. Daudi akaingia kwa mlango mkubwa, mvua nyuma yake, macho yakienda mahali pa gunia kama kawaida. Akaona vile viatu.

Alisimama kwa muda ambao haukuwa kwenye mchezo. Kisha akaja. Akapiga magoti, akashusha pumzi hadi tumboni, akasema, "Baba, nimekuja. Nimechelewa, lakini nimekuja." Akalia. Wanangu, alilia vizuri. Kila nilichomfundisha kilikuwepo, pumzi, kusita, sauti kukatika pale inapotakiwa kukatika. Kikundi kizima kilipiga makofi, na mimi nilipiga, nikajisemea kazi imekamilika. Mpaka nilipoona kwamba amenyanyuka macho makavu, anapangusa magoti.

Mzee Bura akaliondoa shuka mwenyewe. Akakaa. Akamtazama mwanawe.

"Umeigiza vizuri," akasema.

"Asante, mzee," akasema Daudi.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao wenyewe ya kwanza, nje ya salamu, tangu msiba wa mama. Nilitaka kuwapiga wote wawili kwa fimbo. Lakini mzee alipojaribu kusimama miguu ilikataa, na Daudi akamshika mkono, akamwinua, hakuuachia. Wakatoka hivyo hivyo kwenye mvua, wakashuka korongoni taratibu, wakapanda ng'ambo. Gari la Daudi lilibaki hapa ghalani. Nilisimama mlangoni nikiwatazama mpaka ukungu ukawafunika, na nililala nikiwa na matumaini ambayo sikuwa nayo siku nyingi.

Asubuhi nilikuwa jikoni napuliza mkaa uliolowa. Nikasikia kilio kutoka ng'ambo. Kilikuwa cha Daudi, sauti yake naijua. Kilitoka chini kabisa tumboni, kikapanda, kikavunjika, kikarudi. Nikaacha kupuliza nikasikiliza. Nikasema peke yangu, "Hapo sasa. Hapo amekipata." Nikafurahi, mnasikia? Nikamimina chai, nikakaa mlangoni niisikilize kazi yangu. Nakumbuka niliwaza kwamba pale katikati angepunguza kidogo, watu wa mnada wasichoke.

Jirani yangu akapita na jembe begani, akielekea shambani.

"Vijana wako wanajituma leo," akasema.

"Wanajituma," nikamjibu.

Akaenda kupalilia. Kote huko bondeni niliona watu wameinama kwenye mistari ya maharage, hakuna aliyeinua mgongo. Kilio kikaendelea. Nikamaliza chai. Niliinuka kusuuza kikombe, na hapo ndipo nikasikia maneno ndani ya kilio, nayo yalikuwa ya Kiiraqw. Mchezo wetu tuliutunga wote kwa Kiswahili. Hapakuwa na neno hata moja la Kiiraqw ndani yake.

Sijui nilivukaje lile korongo. Nilifika bila viatu. Mlango ulikuwa wazi, Mzee Bura yuko kitandani amegeukia ukuta, na Daudi amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Juu ya kigoda palikuwa na vikombe viwili vya chai ya maziwa, vyote vimejaa, vyote vimeganda utando. Nikasema Inna lillahi, nikakaa chini pembeni yake.

"Nimelia tangu alfajiri, Mama," akasema. Sauti haikuwepo tena, ilikuwa pumzi tu. "Hakuna aliyekuja."

"Niliwaambia wasije."

"Najua. Si nilikuendesha mimi."

 Kisha akaniambia walivyotembea jana yake bila kusema kitu, kila mmoja anaangalia tope. Alitaka kumwambia pale kwenye mteremko, akaona mzee anahema, asimsumbue. Walipofika ndani baba akamwonyesha kitanda chake cha utotoni, akakuta kimetandikwa. "Nikasema acha alale," Daudi akasema. "Nitaamka nimpikie chai, tutakaa, nitamwambia vizuri. Nilijipa usiku mmoja tu."

Nilikwenda mlangoni nikapiga kelele mimi, kwa sauti ya mtu ambaye haigizi. Watu wakainua migongo. Walisimama kwanza, wakatazamana, wakashindwa kujua, na kule kusita kwao sijakusahau. Wazee walikuwa wametuambia. Walipokuja walikuja wote, na majembe na unga na kuni, wakiona aibu, kila mmoja akimwambia Daudi, "Tulidhani mnaigiza." Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa. Safari hii alikuwepo mwanzo mpaka mwisho, alichimba, alishusha, alifukia. Kulia hakulia tena. Kilio chake alikimaliza peke yake.

Mchezo ule haukuchezwa. Ulipofika msimu uliofuata niliwakabidhi wenzenu funguo za ghala, nikasingizia magoti.

Sasa fanyeni hivi. Mkipita kutoa taarifa, semeni mnaanza lini na mnamaliza lini, na mkimaliza rudini mlango kwa mlango mseme tumemaliza, kilio kingine ni cha kweli, njooni. Nyumbani asilie mtu kwa mazoezi, hata kwa mto mdomoni. Na yule dereva anayewaletea gunia jipya kila masika, akaliweka ndani bila kukaa kutazama, msimlazimishe kukaa. Yale ni mahindi ya shamba la baba yake, na anayachagua punje kwa punje.

Na mimi mkiniona natoka na fimbo yangu kila mnapolia, hata mkiwa mmenipa taarifa mara mbili, niacheni nifike mlangoni. Nakuja kuangalia kama ni gunia.